Shanga: Misikiti ya Miti Chini ya Msikiti wa Mawe

Ukimwuliza mtu wa Mombasa akutajie mji wa kale uliohamwa, hatakosa kukutajia Gede. Akiwa ni mtu wa matembezi ataongeza Jumba la Mtwana, na akiwa na jamaa zake Lamu huenda akaikumbuka Takwa. Shanga haitaji. Wengi niliowauliza kabla ya kushika kalamu walidhani nazungumza habari ya shanga za shingoni, na mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliniuliza kama nimeingia katika biashara ya mapambo ya wanawake.

Shanga ni mahame. Yako katika kisiwa cha Pate, upande unaotazama bahari kuu, mwendo wa kiasi cha saa moja kwa miguu kutoka Siyu. Watu walianza kukaa hapo katikati ya karne ya 8 Miladi, wakakaa kizazi baada ya kizazi hata ilipokaribia mwaka 1425, kisha wakahama wasirudi tena. Hesabu ni kama miaka 670. Kilianza kijiji cha vibanda vya miti na udongo, kikaisha mji wa mawe. Gede ina uzio na wageni wake, na mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Shanga ina miba, mijusi na upepo wa bahari. Hata hivyo, mtu akitaka kujua Uislamu uliingiaje katika pwani hii yetu, na ulipokewa na watu wa namna gani, Gede haitamfaa sana. Itambidi aende Shanga, tena asitazame zile kuta zilizosimama juu, atazame kilichokuwa chini yake.

Mimi nilikwenda pamoja na mzee mmoja wa Siyu ambaye ni wa ukoo wa Washanga. Naam, ukoo huo ungaliko. Wako watu Siyu waitwao Washanga mpaka leo. Waliuacha mji wao karibu miaka 600 iliyopita, na jina lake hawakuliacha. Mzee alitangulia mbele na panga lake, akikata matawi yaliyoziba njia, na kila tulipofika pahali alisimama akanionyesha kama mtu aonyeshaye vyumba vya nyumba yake mwenyewe. “Hapa ndipo mui wetu ulipokuwa,” aliniambia, kwani kwa lugha yao mji ni mui. Sikuona majonzi katika sauti yake wala kujionyesha. Alisema kama asemavyo mtu aliyehamia mtaa wa pili mwezi uliopita.

Kuta za nyumba za mawe zimo humo kichakani, zaidi ya nyumba mia moja. Nyingine zafika kiunoni tu, nyingine zakupita kichwa. Makaburi yaliyojengwa kwa mawe yahesabika kwa mamia, na moja ni kaburi la nguzo la namna tuijuayo pwani nzima, lililowahi kupambwa kwa bakuli la Kichina. Mizizi ya miti imejipenyeza katikati ya mawe na chokaa, na yalipo mapambo ya zamani mlangoni, mvua yayala taratibu. Pwani yenyewe ina kina kifupi. Hapakuwa na bandari ya vyombo vikubwa. Mizigo ilibidi ishushwe kwa mashua ndogo. Anayefikiri kwamba miji yetu yote ilizaliwa na bandari kubwa na apite hapa kwanza.

Katikati ya magofu hayo umo Msikiti wa Ijumaa. Ni wa mawe, wa karne ya 11, na kwa macho ya mpita njia hauna kubwa la kushangaza kuliko misikiti mingine iliyoporomoka kutoka Ungwana hata Kilwa. Kati ya mwaka 1980 na 1988 mchimbuzi wa mambo ya kale kutoka Uingereza, Mark Horton, alifanya kazi hapo Shanga, na kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1996. Alipochimba chini ya msikiti huo alikuta msikiti mwingine wa mawe, mkongwe kuliko ule wa juu. Chini ya huo hapakuwa na mawe tena. Palikuwa na alama za miti.

Pengine msomaji atauliza, mti uliooza zaidi ya miaka elfu moja huonekanaje? Mimi pia nilitaka kulijua jambo hilo kabla ya kuamini. Nguzo ikisimikwa ardhini huchimbiwa shimo. Miaka ikipita nguzo huoza ikawa si kitu, walakini shimo lake halifi. Hujaa udongo mwingine, aghalabu mweusi zaidi na mlaini zaidi kuliko ule ulioizunguka, na mtu aliyezoea akifagia sakafu ya kale kwa brashi, tabaka moja kwa wakati, huyaona madoa ya mviringo yamejipanga safu. Akiyaunganisha hupata ukuta, pembe, mlango. Ni sawa na mtu anayesoma hati iliyofutwa kwa kufuata mikwaruzo ya kalamu iliyobaki katika karatasi. Umri wake hujulikana kwa mkaa uliozikwa pamoja na kwa vigae vya vyombo vya kigeni, kwa kuwa mafundi wa Ghuba na wa Uchina walibadilisha mtindo wao kila zama, na mitindo hiyo yajulikana tarehe zake.

Basi kwa madoa hayo ilionekana kwamba pale pale, mahali pamoja, watu wa Shanga walijenga msikiti wa miti, ukachakaa, wakajenga mwingine juu yake, ukachakaa, wakajenga tena, kila mara mkubwa kidogo au imara kidogo kuliko uliotangulia. Karne ya 10 ndipo wakaanza kutumia mawe, nayo yalikuwa matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi, ambayo hukatika kwa wepesi yakiwa na maji na kuwa magumu yakikauka. Mawe ya nchi kavu na chokaa, kama tuonavyo katika magofu mengi, yalikuja baadaye.

Ule wa kwanza kabisa ulikuwa kibanda. Safu mbili tatu za watu na umejaa. Horton alikadiria kwamba ulisimamishwa kiasi cha mwaka 780 Miladi, na karibu yake palikutwa makaburi ya watu waliozikwa kwa kufuata desturi ya Kiislamu. Tusiupite upesi mwaka huo. Mwaka 780 ni kiasi cha 163 Hijra. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo pwani nzima, alizaliwa mwaka 150 Hijra. Kwa hivyo siku miti ile ilipokuwa ikisimikwa Shanga, yeye alikuwa kijana mdogo wa miaka kumi na tatu hivi, angali akisoma Makka. Imam Bukhari alikuwa hajazaliwa. Harun Rashid alikuwa hajakalia ukhalifa wa Baghdad. Na katika kijiji cha wavuvi kisiwani Pate palikuwa na watu wachache waliokwisha kusimama safu na kufunga swala.

Nasema wachache kwa makusudi. Si kijiji kizima. Msikiti ule mdogo haungeweza kuwatosha wote, na dalili nyingine za kijiji zaonyesha maisha yaliendelea kama kawaida ya watu wa pwani. Vyungu vilivyokutwa katika matabaka ya chini karibu vyote ni vya kufinyangwa hapa hapa, vyenye michoro ya pembetatu shingoni, na vyungu vya namna hiyo vimekutwa pia mto Tana na sehemu nyingi za pwani na za bara iliyo karibu nayo. Vyombo vya kutoka Ghuba na Uchina vimo, lakini ni sehemu ndogo sana ya jumla. Walikula samaki na kasa, na katika mifupa iliyotupwa jalalani imo hata ya ngamia. Walifua chuma. Walitengeneza shanga za kauri na kombe za bahari, wakizisugua juu ya vigae na mawe hata zikawa laini, na kwa hilo yule rafiki yangu mwenye ndevu nyeupe hakukosea sana.

Palikutwa pia sarafu ndogo za fedha, ndogo hata unaweza kuzipoteza katika mshono wa kanzu, zenye maandishi ya Kiarabu na majina ya Muhammad na Abdallah. Zilipigwa hapa pwani. Walikuwa akina nani mabwana hao? Watawala, yaonekana, maana mtu wa kawaida haandiki jina lake juu ya fedha. Na kuna simba mmoja mdogo wa shaba, wa kiasi cha mwaka 1100, mwenye umbo kama la vyombo vya ibada za Wahindi. Mtu akitaka kuwaonea wazee wetu atasema hawakuwa Waislamu safi. Mimi nasema mji wa biashara hupitiwa na vitu vingi, na aliyekwenda leo katika nyumba yoyote ya Mji wa Kale Mombasa akapekua kabati la vyombo hatatoa hukumu ya dini ya mwenye nyumba kwa alichokiona humo.

Lakini jambo lililonigusa kuliko yote ni kibla. Sisi watu wa pwani kaskazini twaita kibla, na katika visiwa vya Lamu neno hilo ni la kweli kwa vipimo, kwa sababu Makka iko karibu moja kwa moja upande wa kaskazini. Msikiti wa kwanza wa Shanga haukuelekea hivyo. Ulifuata mpango wa kiwanja kilichokuwapo katikati ya kijiji, pembe zake zikakaa sambamba na ua. Misikiti iliyofuata juu yake ilisahihishwa.

Nimelifikiri sana hilo. Watu wale walijua kwamba wakisali lazima waelekee pahali, na pahali penyewe walipajua kwa jina, lakini njia ya kwenda huko hapana hata mmoja kati yao pengine aliyewahi kuipita. Walisali kwa kadiri ya elimu yao. Kisha akaja mtu, labda nahodha, labda mmoja wao aliyerudi kutoka hija, akawaambia: jamani, pindeni kidogo. Nao wakang'oa nguzo wakapinda. Mtu wa kugeuzwa kwa upanga, au aliyejisilimisha kwa ajili ya biashara tu, hajisumbui kuvunja msikiti kwa ajili ya pembe ya kibla. Wala si aibu iliyowapata wao peke yao. Wanahistoria wa Kiislamu wasimulia kwamba hata msikiti wa Amr bin Aas kule Misri, uliojengwa na masahaba wenyewe, kibla chake cha mwanzo kilipinda mno upande wa mashariki, kikaja kusahihishwa ulipojengwa upya.

Yako maneno yaliyosemwa juu ya magofu haya, nayo hayakuwa maneno madogo. James Kirkman, aliyechimba Gede kati ya mwaka 1948 na 1958 na ambaye kazi yake Ngomeni Mombasa hatuwezi kuikanusha, aliandika mwaka 1964 kwamba majengo ya kale ya pwani si mali ya Waafrika, ni ya Waarabu na Waajemi walioingia ustaarabu wa Kiarabu, wenye damu iliyochanganyika lakini mila zao mbali kabisa na za watu wa nchi. Wengi wa zama zake walifikiri vivyo hivyo. Kwa maoni hayo, mji ulikuja umekwisha kutengenezwa, umepakiwa jahazini pamoja na tende: msikiti, mihirabu, nyumba ya mawe na dini yake, ukashushwa pwani. Mwenyeji kazi yake ilikuwa kubeba mawe.

Na sisi wenyewe, tuseme kweli, tuliyapenda maneno hayo. Yalituburudisha. Nani kati yetu hakukua akisikia barazani fulani kwao Shirazi, fulani kwao Hadhramaut, fulani kwao Maskati? Nasaba ni jambo tukufu na wenye nasaba zao wanazo, siwapokonyi. Lakini maneno yaliyotuburudisha barazani yalikuwa na ncha ya pili, na ncha hiyo imetuchoma. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika ofisi moja, ambayo siitaji, kutafuta karatasi kwa ajili ya mtoto wa ndugu yangu. Karani kijana aliangalia jina, akaangalia kofia yangu, akaniuliza babu wa baba wa mtoto alitoka wapi. Nikamwambia alizaliwa pwani, na baba yake alizaliwa pwani, na baba wa baba yake pia. Akacheka akasema, “Lakini nyinyi asili yenu si wageni?” Hakuwa na ubaya, nadhani. Ndivyo alivyofundishwa. Kuna wasomaji wengi wa ukurasa huu ambao wamekaa juu ya kiti kile kile wakaulizwa swali lile lile, na wengine walirudi bila ya karatasi.

Kwa hivyo si jambo la wataalamu peke yao tunapouliza kilicho chini ya msikiti wa Shanga. Kama mji ule ulishushwa kutoka jahazini, chini ya msikiti wa mawe tungalikuta mchanga mtupu. Tulichokuta ni miti, na chini ya miti, miti mingine, na kuzunguka miti hiyo vyungu vya mama zetu.

Wako wataalamu wanaosita kukiita kile kibanda cha chini kabisa msikiti, wakisema madoa machache ya nguzo hayatoshi kuthibitisha swala. Wana haki ya kusita. Mimi naona pahali palipoheshimiwa mfululizo, kila jengo likikaa juu ya kaburi la jengo lililotangulia mpaka kufika msikiti usio na shaka yoyote, pamekwisha kutoa ushahidi wake. Wala Shanga si peke yake katika habari ya Uislamu wa zamani. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu kiasi cha mwaka 916, alisimulia kisiwa cha Kanbalu chenye Waislamu, ambacho wengi wanadhani ni Pemba. Na Ibn Batuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini na wema, wafuasi wa Imam Shafi, akaeleza kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na penye milango yake pana visima ambavyo watu huteka maji wakaosha miguu kabla ya kuingia. Ya mbao, na hiyo ni Mombasa, miaka zaidi ya mia tano baada ya kibanda cha Shanga! Ibn Batuta alikuwa amekwisha kuiona misikiti ya Damaski na Kairo, na hakuona haya kuisifu ya kwetu.

Tungeona haya kwa nini? Msikiti wa Mtume, Swallallahu alaihi wasallam, kule Madina ulipojengwa mara ya kwanza ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende, na juu makuti. Mvua ikinyesha ilipenya. Kila aliyekaa juu ya mkeka wa chuo amelisikia hilo, lakini mtu wetu mwenye nyumba ya mawe angali akimtazama jirani yake wa nyumba ya kukandikwa kama kwamba dini ilianza na chokaa.

Nisije nikaambiwa nimeficha upande mmoja. Mwaka 2023 ilitangazwa kazi kubwa ya wataalamu waliochunguza chembe za urithi katika mifupa ya watu themanini waliozikwa zamani katika pwani ya Afrika Mashariki, wakiwamo wa Manda, Faza na Mtwapa. Wengi wao upande wa mama walikuwa Waafrika, na upande wa baba sehemu kubwa ilitoka Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Basi wale wa barazani waliosema Shirazi hawakuwa waongo, na wale waliosema wenyeji hawakuwa waongo. Lakini itazame ile tarehe. Mwaka 1000 Shanga ilikuwa imekwisha kusali miaka mia mbili. Aliyekuja kuoa alikuta adhana.

Kuhusu mifupa yenyewe, sikuwa na raha. Maiti wa Kiislamu ana heshima yake hata akiwa vumbi, na nilimwuliza mzee kama waliridhika watu wa Siyu makaburi yalipofunuliwa. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Waliokuwa wakichimba niliwaona, wafagia mtanga kwa burashi ndogo kama ya wanja. Mtu wa kuvunja hafagii hivyo. Lakini yangalikuwa ni ya babangu, ningaliwaambia basi.” Sina la kuongeza katika jawabu hilo.

Kuna hadithi moja ambayo mgeni yeyote afikaye Siyu atasimuliwa, na magazeti ya ng'ambo yameipenda kupita kiasi. Wasema mabaharia wa Kichina walivunjikiwa na merikebu karibu na Pate, wakaogelea, wakaoa Shanga, na kwamba jina lenyewe Shanga limetokana na Shanghai. Zimekwisha kuandikwa habari za sura na macho ya watu fulani kisiwani, na mwaka 2005 msichana mmoja wa kisiwa hicho alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uchina kwa ajili ya nasaba hiyo. Heri yake, elimu haikataliwi. Tena ni kweli kwamba merikebu za amiri Zheng He zilifika pwani yetu katika miaka ya 1410 na kitu, na kwamba mwaka 2013 ilipatikana Manda sarafu ya mfalme Yongle. Baharia aliyeokolewa na wavuvi akaoa si jambo lisilowezekana. Lakini mji uliokuwako tangu karne ya 8 hauwezi kupewa jina na watu waliovunjikiwa na chombo katika karne ya 15, ambao kama walifika, walifika ukiwa karibu kuhamwa. Nastaajabu jinsi tulivyo wepesi kutafutiwa baba mwingine kila baada ya miaka hamsini.

Kwa nini ulihamwa? Mzee hakusita: Pate. Ndivyo wasimuliavyo Siyu, na habari za Pate zilizohifadhiwa na Bwana Kitini, ambazo ziliandikwa na kuchapishwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, zataja vita vya Pate juu ya Shanga. Miji miwili katika kisiwa kimoja, kila mmoja na fahari yake. Waijua mwenyewe habari hiyo itakavyokwisha. Tarehe wanayoitoa wachimbuzi kwa kuangalia vigae vya juu kabisa, kati ya 1400 na 1425, haipingani na masimulizi. Sijaona mara nyingi karatasi na ulimi vikipatana hivyo.

Waliobaki walikwenda Siyu, na Siyu ikawa mji wa wanazuoni na mafundi. Katika karne ya 18 na ya 19 watu wa Siyu walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono, kurasa zimepambwa kwa wino wa rangi, na baadhi ya misahafu hiyo imo leo katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Nilimwuliza mzee kama yeye ameuona mmoja. Alisema nyumbani kwao ulikuwako, marehemu bibi yake akiufunga kwa kitambaa na kuuweka juu darini, kisha siku moja katika utoto wake akaja mnunuzi. Hakumbuki ulikwenda kwa shilingi ngapi.

Kuta za Shanga hazijapata mnunuzi, lakini miti yazila. Pahali pawili niliona mawe yaliyotoka karibuni, yamelala chini na uso mweupe upande uliokuwa ndani. Mwaka mmoja wa mvua nyingi wastosha kuangusha kilichosimama miaka mia sita. Na ile miti ya chini, madoa ya nguzo, hayo hayaangushwi na mvua, bali mtu akichimba shimo la takataka au msingi wa nyumba mahali kama hapo yameondoka kwa dakika tano, na hapana atakayejua kwamba yalikuwako. Katika pwani yetu yako mahame mangapi ambayo hayajafagiliwa kwa brashi hata siku moja? Tangu Kiunga hata Vanga, kila penye mbuyu na kisima kilichoziba, wavuvi watakuambia palikuwa na watu.

Mwenye nia ya kwenda na aulizie maji kwanza. Kutoka Lamu kuna mashua za abiria ziendazo kisiwani Pate. Siyu huingiwa kwa mlango wa mikandaa maji yakijaa tu, na yakiwa yametoka chombo hushusha watu Mtangawanda, kisha ni safari ya nchi kavu. Usiende Shanga peke yako, maana njia yapotea katika shamba la kwanza la minazi. Pitia Siyu, toa salamu, omba mtu akufuatane, na ukibahatika atakuwa Mshanga. Vaa viatu vya kuzuia miba. Maji ya kunywa chukua huko huko Siyu.